Mpwa wangu haamini, na chai tunakunywa meza moja

Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, kama nimekuzidi mimi basi nasubiri ya kwako. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, sikufichi siku nyingine nasoma vichwa vya habari tu pale kwa muuza magazeti Kimara Mwisho alafu napanda mwendokasi nasepa, ila siku ya barua za wasomaji natoa hela nanunua kabisa. Sasa wiki iliyopita kuna ndugu yetu mmoja kaandika kuhusu hawa vijana wanaosema hawaamini kama Mungu yupo, kasema ni wapumbavu, Biblia yenyewe imeshawaita hivo, na kwamba Mkristo wa kweli asijibizane nao wala asikae nao meza moja, na wazazi wenye watoto wa namna hiyo wawapeleke kwenye maombi wakafunguliwe. Niliisoma mara 2. Mara ya kwanza nikawa natikisa kichwa kukubali, mara ya pili nikashtuka kwamba anayesemwa pale ni mpwa wangu, na meza yenyewe ni ya kwangu.

Nijieleze kidogo. Mimi ni fundi friji na AC, mwaka wa 20 na kitu huu niko kwenye kazi hiyo hapa hapa Kimara, na kanisani ni mzee wa kanisa, usharika wetu ni wa Kilutheri. Theolojia sijasoma. Nilichonacho nimekipata kwa mchungaji mmoja mstaafu ambaye friji lake lilikuwa linakufa kila baada ya miezi 3 na pensheni haitoshi, kwahiyo tukawa tunaelewana, nusu ananipa hela nusu ananiazima vitabu na kunisimulia. Mengi nitakayoyataja humu ni mali ya lile friji.

Haya, kisa chenyewe. Jumuiya yetu inazunguka nyumba kwa nyumba, na Jumamosi moja ilikuwa zamu ya kwangu. Neno la siku hiyo lilikuwa Yoshua 10, pale Yoshua anapoliamuru jua lisimame juu ya Gibeoni. Mimi ndo naongoza. Na kwenye simu nilikuwa na meseji moja imefowadiwa sijui mara ngapi, inasema wanasayansi wa NASA, lile shirika la anga la Marekani, walikuwa wanapiga hesabu za jua na mwezi kwenye kompyuta, kompyuta ikagoma, wakagundua kuna siku 1 imepotea kwenye historia, wakahangaika mpaka mmoja aliyesoma shule ya Jumapili akawafungulia Yoshua 10 na hesabu ikakaa sawa. Nikaisoma yote kwa sauti ya mamlaka, watu wakasema amina, mama mmoja akapiga na kigelegele.

Mpwa wangu alikuwepo. Huyu ni mtoto wa dada yangu, amesomea uhandisi, kwao ni Mbagala ila saivi anakaa kwangu kwasababu kibarua chake kiko upande huu wa Ubungo. Alikuwa pale mlangoni kwenye stuli, nilimwambia asikae chumbani wakati wageni wapo. Akanyoosha mkono kabisa kama mwanafunzi. Akasema, anko samahani, hiyo habari sio ya kweli. Kimya. Nikamwambia kwa nini unasema hivo. Akasema, chukua saa ya ukutani iliyosimama usiku alafu ikaanza tena yenyewe, asubuhi ukiiangalia peke yake utajuaje ilisimama dakika ngapi? Hujui. Mpaka uwe na saa nyingine pembeni ya kulinganishia. Sasa hao NASA hiyo saa ya pembeni ya enzi za Yoshua waliitoa wapi? Kompyuta inaweza kurudisha hesabu nyuma miaka utakayo lakini haiwezi kukuta shimo, itapita tu. Na akaongeza kwamba hadithi yenyewe ilishachapishwa kwenye kitabu Marekani mwaka 1890, huko hakukuwa na kompyuta wala hiyo NASA, maana NASA imeanzishwa 1958, watu wamekuja kuivalisha nguo mpya tu.

Mhariri, alikuwa sahihi. Nimeshika geji na tesa maisha yangu yote, hoja ya saa ikiniingia naijua. Lakini unajua jumuiya ilifanya nini? Yule mama wa kigelegele akasema hilo ni pepo la usomi. Mwingine akasema tusimame tumwombee kijana hapa hapa. Na mimi, mzee wa kanisa, mwenye nyumba, mwenye mpwa, nikasema tuendelee na ratiba. Sikumtetea. Kijana akanyanyuka akaenda uani kuosha vikombe ambavyo hata havijatumika, na usiku ndo akaniambia kwa upole tu kwamba anko mimi mambo ya Mungu kwakweli siamini, toka chuo, nilikuwa nakuja ibadani kwa heshima yako.

Sasa ndugu yangu wa wiki iliyopita anataka nimwambie huyu kijana ni mpumbavu. Hapo sebuleni kwangu siku ile mpumbavu alikuwa nani? Aliyesoma uongo kwa sauti ya mamlaka au aliyenyoosha mkono?

Na sio hiyo moja. Simu zetu zimejaa. Ile ya wanasayansi wa Urusi waliochimba Siberia wakashusha maiki wakasikia watu wanalia kuzimu, nani hajaipata? Shimo refu la Urusi lipo kweli, liko Kola karibu na mpaka wa Norwei, sio Siberia, lilifika mita 12,262 na kilichowafanya waliache njiani ni joto, karibu nyuzi 180, miamba ikawa laini mashine haiendi. Kilio hakikuwepo. Na ile ya mwanafunzi aliyemnyamazisha profesa asiyeamini kwa mfano wa baridi na giza, mwishoni unaambiwa mwanafunzi huyo alikuwa Albert Einstein. Mimi hiyo nimeitumia kwenye semina ya vijana wa kipaimara! Kumbe Einstein alikuwa Myahudi kwa kuzaliwa, na Januari 1954, mwaka mmoja kabla hajafa, aliandika barua akisema neno Mungu kwake ni zao la udhaifu wa binadamu. Tumemfanya shahidi wetu mtu aliyekataa kuwa shahidi. Mahakamani hilo ni kosa.

Mchungaji wangu wa friji nilipompelekea hii aibu alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia hili jambo lina umri wa miaka 1,600. Agustino, askofu wa Hipo, Mwafrika mwenzetu wa kaskazini kule Algeria ya leo, alizaliwa 354, aliwakemea Wakristo wa wakati wake waliokuwa wanaongea upuuzi kuhusu jua na nyota na wanyama mbele ya watu wasioamini huku wakisema ndivyo Biblia inavosema. Hoja yake ni nyepesi, mtu asiyeamini anayajua hayo mambo ya nyota kwa hesabu na kwa macho, akikusikia unakosea kwenye analolijua, atakuaminije kwenye asilolijua, habari ya ufufuo na uzima wa milele? Akanipa na mfano wa karibu zaidi, Georges Lemaître, huyu alikuwa padre wa Kikatoliki, Mbelgiji, na ndiye aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, alafu 1931 akaja na wazo kwamba ulianza kama atomu moja. Padre kabisa na kola yake. 1951 Papa Pius wa 12 akatoa hotuba kwamba sayansi hiyo sasa inashuhudia uumbaji, na unadhani padre alishangilia? Hakupenda. Hakutaka imani itundikwe kwenye msumari wa nadharia ambayo kesho inaweza kubadilika. Sisi tunatundika kwenye msumari wa meseji ya kufowadi.

Nirudi kwenye hilo neno mpumbavu maana ndo mzizi wa barua ya ndugu yangu. Zaburi ya 14, "Mpumbavu amesema moyoni, Hakuna Mungu." Kweli imeandikwa. Ila asiishie hapo, asome mstari wa 4, anakuta hao hao wanaosemwa ni watu "walao watu wangu kama walavyo mkate". Neno la Kiebrania pale ni nabali, na kuna mtu kwenye Biblia alikuwa na jina hilo hilo, Nabali mume wa Abigaili, 1 Samweli 25. Huyo hakuwa mtu wa kubishia uwepo wa Mungu. Alikuwa tajiri mwenye kondoo 3,000 aliyewanyima chakula vijana wa Daudi waliokuwa wanamlindia mifugo. Kwahiyo mpumbavu wa Zaburi ni mtu anayeishi kana kwamba hakuna wa kumuuliza, anakula wenzake, na mtu huyo anaweza kabisa kuwa anakaa benchi la mbele na bahasha ya ahadi mkononi. Mpwa wangu namjua, mshahara ukitoka anamtumia mama yake Mbagala kabla hajanunua hata vocha.

Sasa nilifanyaje. Mteja akikuletea friji haigandishi, fundi wa haraka anachaji gesi, anachukua hela, friji linafanya kazi wiki 2 linarudi pale pale. Anachaji tena. Fundi mwenye akili kabla ya gesi anapaka povu la sabuni kwenye maungio anatulia anaangalia, pale bubujiko linapotokea ndo panapovuja. Kanisani sisi ni mafundi wa gesi. Kijana akipoa tunamchaji, semina, mkesha, maombi ya siku 21, akipoa tena tunachaji tena, hakuna aliyewahi kukaa chini akapaka povu akaangalia panapovuja ni wapi.

Nikapaka povu. Ilikuwa umeme umekata, tumekaa barazani na kisahani cha karanga, nikamwambia haya nieleze. Na nikaanza vibaya, nikamwambia najua ni ule msiba wa baba yako, uliumia sana. Akanikatiza, na huyu mtoto huwa hanikatizi. Akasema, "Anko usinitafutie kidonda. Baba nimemlia nikamaliza. Mimi sina kidonda, nina swali."

Hii sentensi imenikaa mpaka leo. Maana sisi tumezoea, mtu asipoamini basi ameumizwa, au amelogwa na vitabu, au anataka uhuru wa kufanya dhambi. Hatukubali kwamba mtu anaweza kuwa na swali, basi, kama vile mimi naweza kuwa na swali kwenye kompresa bila kuwa na ugomvi na kompresa.

Swali lake lilikuwa hili. Ningezaliwa kisiwani Mafia ningekuwa Muislamu, ningezaliwa India pengine ningekuwa Mhindu, nimezaliwa Mbagala kwa mama Mlutheri nikawa Mlutheri. Sasa hiyo imani ilikuwa yangu au ilikuwa ya ramani?

Nilikaa kimya nikamenya karanga. Nikamwambia sijui, nipe wiki. Akacheka, akasema anko wewe ni mtu wa kwanza wa kanisa kuniambia sijui.

Na hapa tena ni Agustino, maana kabla hajawa Mkristo alikaa miaka kama 9 kwenye dini ya Wamani, ana maswali kuhusu mahesabu ya nyota wanazozifundisha, wenzake wanamwambia subiri aje mwalimu mkubwa Fausto, huyo atakujibu yote. Fausto akaja, mzungumzaji mtamu kwelikweli, alipoulizwa akakiri kwamba hayo hayajui. Agustino akavunjika moyo na ile dini, lakini mwenyewe ameandika kwamba yule mtu alimpenda zaidi kwa kukiri. Alafu akafika Milano akamkuta askofu Ambrosi, na anasema alianza kumpenda kwanza kwasababu alikuwa mkarimu kwake, sio kwasababu alitegemea kukuta ukweli kwake. Kubatizwa kulikuja baadae, 387. Ukarimu ulitangulia.

Wiki ikaisha nikarudi barazani. Nikamwambia, mimi jedwali la kuzidisha nilifundishwa shule ya msingi na mwalimu wa fimbo, ningezaliwa porini pasipo shule nisingelijua, na nililishika kwa kuogopa fimbo wala sio kwa kuelewa. Je tano mara tano imeacha kuwa 25 kwasababu niliipata kwa fimbo? Mahali ulipolipata jambo na ukweli wa jambo ni vitu 2. Na nikamwongezea, huo ubishi wako pia una ramani, ungezaliwa Uzaramo mwaka 1900 usingekuwa na wazo kwamba Mungu hayupo, umelikuta chuo na kwenye intaneti, sasa na lenyewe tulitupe kwasababu lina anwani?

Akafikiri. Akasema hiyo nimekubali, hoja ya ramani naishusha. Nikataka kupiga makofi. Akasema ila subiri, jedwali mtu yeyote akilitilia shaka anachukua maharage anapanga mafungu 5 ya 5 anahesabu mwenyewe. Haya anko, wewe maharage yako yako wapi?

Ndugu msomaji, hapa ndo imani inapotakiwa kufungua kinywa, na hapa ndo wengi wetu tunasema wewe amini tu. Mimi nilimpeleka 1 Wakorintho 15. Paulo pale anaweka shingo yake mezani, anasema kama Kristo hakufufuka basi mahubiri yetu ni bure na imani yenu ni bure. Hasemi mjisikie vizuri moyoni, anasema kuna jambo limetokea au halijatokea. Na anataja mashahidi, Kefa yani Petro, wale Thenashara yani mitume 12, ndugu zaidi ya 500 kwa pamoja, akaongeza kwamba wengi wao wanaishi hata sasa, yani kama unabisha nenda kaulize. Barua hiyo iliandikwa miaka kama 20 na kitu tu baada ya msalaba, ni sawa na mimi leo niandike habari ya jambo lililotokea Kariakoo nilipokuwa naanza ufundi, watu walioliona wapo wangenisuta.

Akasema ni hoja nzuri kuliko ya NASA. Alafu akaipiga, akasema hao 500 hawajatajwa majina, na sisi hatuna barua ya hata mmoja wao, tuna ya Paulo akisema wapo. Nikamwambia kweli. Ni kweli Mhariri, ningesema nini? Nilichomjibu ni kwamba Paulo mwenyewe alikuwa anawakamata hawa watu, akageuka akawa mmoja wao, na aliambulia bakora na jela, kitu kimemgeuza, tukitafute ni nini. Akasema mtu anaweza kuamini kitu kwa moyo wote na akawa amekosea, hata wewe anko ulivosoma ile meseji ulikuwa unaamini. Nikaumia hapo lakini nikacheka.

Tukaishia hapo siku hiyo. Umeme ulikuwa umerudi na hatukuona.

Kuna siku nyingine nilijaribu kumwonyesha kwamba sayansi ina mipaka, nikamwambia tesa yangu inapima umeme wa friji lakini haipimi kama mwenye friji ni mkarimu. Akasema kweli, ila ukarimu wake nitaujua akinipa juisi. Sijapata jibu la juisi mpaka leo, mwenye nalo aniandikie kupitia gazeti hili.

Sasa kwa ndugu yangu anayesema tusijibizane nao. Matendo 17, Paulo yuko Athene, roho yake inachukizwa kwa ajili ya sanamu, lakini alifanya nini? Alihojiana na watu, tena sokoni kila siku na yeyote aliyemkuta. Sokoni! Ni kama Kariakoo pale Msimbazi na Uhuru, kelele, mikokoteni, na mtu anajibu maswali. Waepikureo na Wastoiko, wanafalsafa wa pale, wakaanza kwa kumtukana, "Mpuzi huyu anataka kusema nini?" Yeye walipompandisha Areopago, kwenye baraza lao, hakurudisha tusi, alianza na kitu chao, ile madhabahu ya Mungu asiyejulikana, na akanukuu watunga mashairi wao wenyewe, maana yake alikuwa amewasoma. Wengine wakadhihaki, wengine wakasema tutakusikiliza tena, wachache wakaamini, Dionisio na mwanamke jina lake Damari. Ndo mavuno ya siku nzima hayo, na hakuna mahali imeandikwa Paulo alisema wale waliodhihaki wakafunguliwe.

Na 1 Petro 3:15 kila mhubiri anaijua nusu. "Mwe tayari siku zote kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu", tunapiga kelele hapo tunaweka nukta. Haina nukta, inaendelea, "lakini kwa upole na kwa hofu". Na imesema kila mtu, haijasema kila mtu anayeuliza kwa adabu.

Kuna na Origeni wa Aleksandria kule Misri, mwalimu wa Wakristo wa kale, mnamsema kwa kukosea mengine ila kwenye hili alitisha. Kulikuwa na mtu anaitwa Selso, msomi, hakuwa Mkristo, akaandika kitabu kizima kuwashambulia Wakristo kwamba ni watu wanaovuta wajinga na kusema usiulize, amini. Miaka mingi baadae, kwenye 248 hivi, Origeni akakijibu, na alikijibu kwa kunukuu maneno ya Selso mwenyewe, kipande kwa kipande, ndo anajibu. Kitabu cha Selso kimepotea duniani. Tunachokijua leo cha huyo adui wa kanisa tunakijua kwa kiasi kikubwa kwasababu Mkristo mmoja Mwafrika alimnukuu. Ndugu yangu wa wiki iliyopita hakunukuu hata sentensi 1 ya hao vijana anaowajibu. Sijui kama amewahi kumsikiliza mmoja mpaka mwisho.

Wapo wangapi humu nchini? Atakayekutajia asilimia anakisia, sensa zetu hazijauliza mtu dini yake toka 1967. Ila mimi nikiingia nyumba za watu na begi la spana nasikia mengi, na nikwambie hakuna kitu kinatuzalishia wasioamini hapa Dar kama biashara ya miujiza, maji ya chupa, mafuta ya chupa, leso, sadaka ya kupanda mbegu, na mtu akiuliza risiti ya muujiza anaambiwa hana imani. Mwaka 2011 nchi nzima ilikuwa inaelekea Samunge kule Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya uponyaji cha shilingi 500, foleni ya magari kilomita kwa kilomita, na mimi sikwenda, lakini nisijisifu, nilikosa nauli, akili ilikuwa imeshatangulia imepanda basi. Watoto waliotuangalia mwaka ule saivi ni watu wazima. Wanakumbuka kwamba hakuna mzee aliyeuliza. Na wakiwa wadogo ni sisi hao hao tuliwafundisha kuuliza si ujinga.

Jambo moja tu la Maandiko alafu nimalize nikamalizie AC ya watu. Kumbukumbu la Torati 6:5 inasema umpende Bwana kwa moyo wote, kwa roho yote, kwa nguvu zote. Vitu 3. Yesu alipoulizwa amri ya kwanza, Marko 12:30, akavitaja hivyo 3 na akaongeza cha 4, "na kwa akili zako zote". Nilimwonyesha mpwa wangu, hakusema kitu, ila nilimwona anarudi Kumbukumbu la Torati kuhakiki kama kweli halipo. Anahakiki kila kitu huyu.

Mpaka leo haamini. Ibadani haji tena kwa heshima yangu, nimemwambia asije kwa heshima yangu. Tunachofanya ni kila Jumapili jioni tunasoma sura moja ya Marko, anasoma yeye, maswali anaandika kwenye daftari la mraba, yanayonishinda nayabeba kwa mchungaji mstaafu siku friji likiharibika, na linaharibika tu. Kwenye jumuiya nilisimama Jumamosi iliyofuata nikasema ile habari niliyoisoma ilikuwa ya uongo na nilipaswa kuihakiki, yule mama wa kigelegele alinuna wiki 2, ya 3 akamletea kijana simu yake amwangalizie kama meseji fulani ya kansa na limao ni ya kweli.

Ndugu yangu wa barua ya wiki iliyopita, kama uko Dar karibu Kimara Jumapili jioni, sisi tunakuwa sura ya 9. Meza ni ile ile, viti 4, chai ipo na viazi vitamu. Njoo na Biblia yako na maswali yako, hadithi ya NASA iache nyumbani.

Fundi friji na mzee wa kanisa,
Kimara, Dar es Salaam